Maji ya paa yasiingizwe kwenye chemba ya choo

Msomaji wa Tudor, kisiwani Mombasa, anauliza: "Kila mvua kubwa ikinyesha, chemba iliyo mbele ya lango letu hufumka na kumwaga uchafu wa choo barabarani. Mara mbili maji yamerudi mpaka kwenye choo cha chini. Mtaro wa barabarani umejaa mchanga na chupa. Mwenye nyumba ameleta fundi, naye anasema dawa ni kuunganisha mabomba ya paa kwenye chemba ili maji yasituame uani. Vijana wa mtaa nao wanataka kuanza kazi ya kuokota plastiki. Tuanzie wapi, na tumshike nani: kaunti, kampuni ya maji, au watu wa barabara?"

Dada, naanza na huyo fundi, maana kazi yake yaweza kufanywa kesho asubuhi na ikauharibia mtaa mzima. Mwombeni mwenye nyumba asiiruhusu. Mabomba ya paa yakiunganishwa na chemba ya choo, maji yataondoka uani kwa dakika chache kisha yatawarudia kupitia chooni, safari hii yakiwa na kinyesi ndani yake.

Mfanyieni hesabu aione. Paa la mita 10 kwa 10 lina mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50, ambayo mwezi wa Mei si kioja hapa kwetu, hutoa lita 5,000 kwenye paa hilo moja. Ikimwagika yote kwa saa moja, ni karibu lita 1.4 kila sekunde. Nyumba 20 zikiunganisha mapaa yake, ni lita 28 kwa sekunde. Sasa bomba lenyewe: bomba la maji taka la milimita 150, lililolazwa kwa mteremko wa 1 kwa 100, hubeba kama lita 15 kwa sekunde likiwa safi na limejaa pomoni. Na vyoo je? Chukua ploti hizo 20, kila moja na watu 30. Ni watu 600. Kila mtu akitumia lita 100 kwa siku, hata alfajiri watu wote wanapooga na kutawadha hawatapitisha lita 2 na nusu kwa sekunde. Kwa hiyo kwa upande wa vyoo bomba halina taabu hata kidogo, lakini mapaa 20 peke yake yanadai karibu mabomba mawili ya namna hiyo. Bomba la ukubwa huo lilipigiwa hesabu ya watu, halikupigiwa hesabu ya mawingu.

Na madhara hayaishii langoni kwenu. Kwenye mtambo wa kusafishia maji taka, kama ule wa Kipevu, uchafu huliwa na vijidudu vinavyofugwa ndani ya matangi. Maji ya mvua yakiingia kwa kishindo huvikumba vijidudu hivyo na kuvitoa nje, na mtambo huchukua siku nyingi kurudi katika hali yake. Muda wote huo kinachoingia baharini hakijasafishwa ipasavyo, na watu wanavua pale pale.

Pengine unajiuliza kwa nini chemba yenu ndiyo inayofumka na ya jirani wa juu ikatulia. Maji yakizuiwa ndani ya bomba hupanda sawasawa kwenye chemba zote za mstari ule, kisha hutokea pale ambapo mfuniko uko chini kuliko mingine. Kwa hiyo mahali panapofumka si lazima pawe ndipo penye ubovu. Ubovu waweza kuwa mita 200 chini yenu, na waliosababisha wakawa mita 200 juu yenu. Ndiyo sababu kuzibua mbele ya lango tu, mwaka baada ya mwaka, hakujawasaidia.

Kabla ya kumwita yeyote, chunguzeni wakati wa kufumka, kwa sababu wakati ndio unaotambulisha ugonjwa. Chemba ikifumka hata siku za jua, bomba limeziba: mafuta ya kupikia yaliyoganda, nepi za kutupa, matambara, mchanga. Ikifumka dakika 15 au 30 tangu mvua ianze na kutulia saa moja au mbili baada ya mvua kukatika, basi maji ya mvua yanaingia moja kwa moja, kutoka kwenye mapaa, kwenye nyua, au kwenye mifuniko iliyovunjika. Ikiendelea kuvuja kidogo kidogo siku tatu au nne baada ya mvua, maji ya ardhini yanapenya kwenye maungio ya bomba kuukuu lililopasuka. Na ikiwa mvua ile ile wiki hii inafumua na wiki ijayo haifumui, itazameni bahari, nitakuja huko.

Kwa maelezo yako, naona sababu ni ya pili. Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Siku ya jua, kwa ridhaa ya majirani, changanyeni rangi ya keki kwenye ndoo ya lita 10, muimimine kwenye gata au kwenye tundu la uani, kisha mfuatishe ndoo nyingine mbili za maji matupu ili kuisukuma. Mtu mmoja asimame kwenye chemba ndogo ya ndani ya ploti akiwa amefungua mfuniko wake. Rangi ikitokea pale ndani ya dakika 10, uani kumeunganishwa na choo. Nendeni nyumba kwa nyumba. Nyumba nyingi za zamani ziliunganishwa hivyo na wenyewe hawajui. Kampuni ya maji ikitaka kuupima mtaa mzima kwa mpigo mmoja huweza kupuliza moshi ndani ya bomba la maji taka: palipo na muungano usiofaa, moshi hutokea kwenye gata.

Liko jambo jingine ambalo watu hulifanya kwa nia njema kabisa, nalo lina madhara kuliko gata kumi. Barabara ikifurika, wanaume huchukua mtaimbo wakainua mfuniko wa chemba ili maji yashuke. Yanashuka kweli, pamoja na mchanga, chupa na mifuko yote ya barabarani. Mchanga hulala chini ya bomba kwenye sehemu yenye mteremko mdogo na kukaa hapo. Maji ya choo ya siku za kawaida ni machache mno kuweza kuusukuma. Mkifungua mfuniko mara mbili kwa msimu mmoja mtakuwa mmelinyima bomba nafasi yake ya mwaka mzima. Na mtoto au mzee anayepita kwenye maji meusi yaliyofika magotini haoni kwamba mbele yake pana shimo la mita 2. Mfuniko uliovunjika au kuibiwa kwa ajili ya vyuma chakavu uripotiwe siku hiyo hiyo, na kwa muda uwekwe wa zege.

Wala asiingie mtu ndani ya chemba ya barabarani kuzibua, hata awe kijana wa nguvu namna gani. Hewa ya mle ina gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi ikiwa nyingi pua huacha kuisikia, mtu akadhani imeondoka, naye huanguka pale pale. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Kuzibua hufanywa kutoka juu, kwa vyuma vya kuunganisha au kwa gari la maji ya kasi, basi.

Sasa bahari. Mtu wa Mombasa hawezi kuuelewa mtaro wake bila kuyaelewa maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji makuu na maji ya kupwa hapa ni zaidi ya mita 3. Bamvu huja siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, na siku hizo bahari hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, ikapwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mvuvi yeyote hapo Tudor anaijua hesabu hii kwa vidole. Mtaro unaomwaga kwenye hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ukiwa na mdomo wa chini hufunikwa na maji kwa saa kadhaa. Mvua ya milimita 50 ikishuka saa tisa alasiri siku ya bamvu haina pa kwenda, na mvua iyo hiyo ikishuka saa nne asubuhi hukimbia yote. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, tofauti ya saa hizo mbili karibu haionekani.

Hapo nataka mfanye kazi ya daftari. Kwa kila mvua kubwa andikeni tarehe, saa mvua ilipoanza, saa chemba ilipofumka, saa ilipotulia, na kama bahari ilikuwa imejaa au imepwa. Mvua tano tu zikiandikwa hivyo zina thamani kubwa kwa mhandisi kuliko picha mia za barabara iliyofurika. Akiona kufumka kunafuata bahari, atakwenda kuangalia kilango cha kujifunga chenyewe kwenye mdomo wa mtaro, kile kinachofunguka maji yakitoka na kujifunga bahari ikipanda. Cha chuma huliwa na chumvi kwenye bawaba kikakwama. Cha mpira hudumu zaidi. Vyote viwili hushindwa na dafu moja lililobanwa kwenye ukingo. Nanyi mwaweza kwenda kukitazama wenyewe siku ya bamvu, saa nne asubuhi, maji yamepwa na mdomo uko wazi.

Nirudi kwenye mtaro wenu uliojaa mchanga. Chukueni kipande cha nondo, mkichomeke mpaka kigonge zege, mpime kina cha mchanga kila baada ya mita 10. Mtaro wa zege wenye upana wa sentimita 45 na mteremko wa 1 kwa 200, maji yakiwa na kina cha sentimita 35, hubeba karibu lita 200 kwa sekunde. Weka mchanga wa sentimita 20 ndani yake, maji yabaki na sentimita 15. Wengi hudhani uwezo umepungua nusu. La! Unabaki robo tu, lita 50 hivi, kwa sababu njia imekuwa nyembamba na maji yanasugua juu ya mchanga wenye makunyanzi badala ya zege laini. Mwendo wake hushuka kutoka mita 1.25 kwa sekunde hadi 0.7, na maji ya polepole hudondosha mchanga mwingine. Ndiyo maana mtaro ulioanza kujaa hujaa haraka. Hekta moja ya mtaa uliojengwa, kwa mvua ya milimita 50 kwa saa, hutoa kama lita 110 kwa sekunde. Mtaro safi huhudumia karibu hekta mbili, ule wenye mchanga haufikishi hata nusu hekta. Maji yaliyobaki huingia barabarani, na kutoka barabarani huingia kwenye chemba yenu kupitia mfuniko.

Kusafisha kuna utaratibu wake, na kosa la kawaida ni kuanzia mahali panapoonekana. Anzeni mdomoni, mpande juu. Mkianzia juu, mvua ya kwanza itaubeba uchafu mlioulegeza na kuutupa kwenye kalvati la chini, yaani mfereji unaopita chini ya barabara, ambalo ndilo gumu kuzibua. Na kabla ya beleshi la kwanza, hakikisheni lori lipo. Mita 100 za mtaro wa sentimita 45 wenye mchanga wa sentimita 20 zina mita za ujazo 9, na mchanga mbichi wa kiasi hicho hukaribia tani 15, yaani zaidi ya safari mbili za lori la tani 7. Kwa mkokoteni ni safari zaidi ya 20. Nimeutaja uzito kwa makusudi, maana kazi nyingi za usafi wa mtaa hukwama hapa: vijana hufukua siku nzima, wakarundika kando ya mtaro, wakapigwa picha, lori lisije, na mvua ya usiku ikarudisha kila kitu. Bora msafishe mita 30 zikaondolewa siku hiyo kuliko mita 300 zikalala ukingoni.

Fanyeni kazi hii kabla ya katikati ya Machi, masika hayajaingia, na tena mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Kisha rudini siku moja baada ya mvua ya kwanza ya msimu, kwa kuwa mvua hiyo ndiyo inayokusanya taka za miezi yote ya kiangazi na kuzileta kwa mkupuo.

Madafu yanastahili kutajwa peke yake. Kifuu cha dafu na makumbi yake kina upana wa kama sentimita 20, hakiozi upesi, na huelea kikiwa kikavu. Vitatu vikikutana kwenye kalvati la sentimita 30 hujikaza kama vigingi, chupa na mifuko ikajenga nyuma yake. Zungumzeni na wauza madafu wa mtaa wapewe gunia na siku ya kuchukuliwa. Lundo la mchanga wa ujenzi nalo lizungushiwe safu mbili za matofali, hilo tu hupunguza sana kinachoingia mtaroni.

Mkifikiria kuweka wavu wa chuma wa kuzuia taka, msiweke wa miraba. Hunasa majani na karatasi, na kwa nusu saa hugeuka ukuta. Fito ziwe za wima, zifuate mwendo wa maji, ziachane kwa sentimita 4 au 5, na ziegemee nyuma kiasi cha nusu ya pembe mraba ili taka zipande juu na reki iweze kuzikokota. Na awepo mtu mwenye jina anayeusafisha kila baada ya mvua. Wavu usio na mwenyewe ni afadhali usiwepo. Wenye maduka wanaofunika mtaro wawekewe sharti la mabamba yasiyozidi sentimita 60, yenye matundu ya kulabu, yanayoinuliwa na watu wawili. Bamba lililojengewa moja kwa moja na kuwekewa meza ya biashara juu yake ndilo litakalofurisha duka lenyewe.

Kwa mwenye nyumba, nina la kumpa badala ya nililomnyima. Lita 5,000 za paa ni jerikeni 250 za lita 20, na katika mji unaopata maji kwa zamu kutoka Mzima na Baricho, kumwaga hizo kwenye choo ni hasara. Gata ziende kwenye tangi. Mvua ya mwanzo isiingie tangini: tengeni bomba la wima lenye kizibo chini, linalojaza lita 50 hadi 100 za kwanza zenye vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo maji yaelekee tangini. Bomba la kumwagia ziada litoke nje kupitia ukuta na liangukie mtaro wa barabarani, na kabla ya kutoka lipitie kisanduku cha zege cha sentimita 40 kila upande cha kushikia mchanga. Ua uelekezwe huko kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Shimo la kufyonzea maji linawezekana, kwani jiwe letu la matumbawe hunyonya vizuri, lakini liwe mbali na msingi wa nyumba kwa mita 5, na pasiwe na septiki ya mtu karibu. Nyufa za jiwe hilo hupitisha uchafu upesi hadi visimani, na kisiwani watu wengi bado wanateka visima.

Choo cha chini kilichorudisha maji mara mbili kiwekewe vali ya kuzuia kurudi, kwenye chemba ya mwisho ndani ya ploti. Ina kilango kinachofungwa na maji yanayorudi. Lakini fahamuni jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: vali ikifungwa, nanyi hamwezi kutoa maji yenu. Msivute choo wala kumwaga maji ya kuogea mpaka nje kutulie. Na kama mapaa yenu bado yameunganishwa ndani, vali iliyofungwa itayafungia maji ya paa lenu ndani ya nyumba yenu. Kwa hiyo kwanza mtenganishe, ndipo muiweke vali. Ifunguliwe na kuoshwa kila mwezi, maana unywele na uzi hutosha kuizuia isifunge sawasawa. Tundu la uani la kupokea maji ya jikoni liinuliwe sentimita 15 juu ya ardhi, ili maji ya uani yasiingie humo.

Wapo pia wanaokaanga viazi karai, bhajia na mahamri kila asubuhi. Mafuta ya moto hupita kama maji, yakafika bombani yakaganda kama sabuni, kisha hushika mchanga. Kwa nyumba ya kawaida, yatosha kufuta karai kwa karatasi na kumimina mabaki kwenye chupa. Kwa mkahawa ni lazima pawe na mtego wa mafuta wenye vyumba viwili: mafuta huelea kwenye cha kwanza, maji hutoka kwa chini kwenda cha pili. Usiposafishwa kila wiki, siku ya nane ni sawa na kwamba haupo.

Uchafu ukishamwagika, ondoeni matope kwanza, ndipo mtie dawa. Klorini ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani, kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, ikae juu ya sakafu dakika 10 kabla ya kusuuza. Msiichanganye na dawa kali ya kusafishia choo, hutoa gesi ya sumu. Tangi la chini ya ardhi lililoingiliwa na maji hayo limwagwe lote, lisuguliwe, litiwe klorini, na maji yake yasinywewe mpaka yapimwe.

Sasa nani wa kushikwa. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inaipa kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, huduma za maji na usafi, na uzoaji wa taka. Bomba la maji taka na chemba zake huendeshwa na kampuni ya maji ya kaunti, MOWASSCO. Mtaro ulio kando ya barabara hufuata mwenye barabara: ya kaunti ni ya kaunti, nyingine za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na barabara kuu kama ya Nairobi na ya Malindi ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Kuanzia chemba ya mwisho kuja ndani ni juu ya mwenye nyumba. Tatizo lenu linagusa wote hao, na kila mmoja akiandikiwa peke yake atamwelekezea mwenzake kidole. Andikeni barua moja, nakala kwa wote na kwa mwakilishi wa wadi, na kila mmoja aone ndani yake amepewa lipi: kampuni ya maji iombwe kuzibua na kupima kwa moshi, kaunti iombwe lori na ukaguzi wa mdomo wa mtaro, mwenye barabara aombwe kalvati. Ambatanisheni ile hesabu ya daftari na vipimo vya nondo. Nakala yenu ipigwe muhuri na ofisi inayoipokea. Mkitaka kujua mtaro umo kwenye mpango wa nani, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lenu ndani ya siku 21.

Na tazameni kalenda ya fedha. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayelalamika Mei akiwa ndani ya maji amechelewa: fedha za mwaka ule zimekwisha kugawanywa. Ombi la kalvati jipya liwe mezani Julai au Agosti, na mfike kwenye vikao vya wananchi mkiwa wengi.

Vijana wana wazo zuri, na ningependa lisife kwa kuanza vibaya. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 15 hadi 25, kwa hiyo kilo moja ni chupa 40 hadi 65. Wakikokotoa mapato yao wapige hesabu kwa kilo, siyo kwa magunia, na wamuulize mnunuzi bei kabla ya kukusanya. Chupa zinazofukuliwa mtaroni zina mchanga na mafuta. Mnunuzi huzikataa au hukata uzito. Pesa zimo kwenye chupa zinazochukuliwa nyumbani na hotelini zikiwa kavu. Zitenganishwe: chupa za wazi peke yake, za rangi peke yake, vizibo peke yake kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine, na plastiki ngumu za jerikeni na ndoo peke yake. Chupa zikanyagwe zikiwa bila vizibo, la sivyo gunia hubeba hewa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inadai taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale zinapotoka. Hapo ndipo kazi yao itakaposimama au kuanguka, kwani zaidi ya nusu ya kilichomo kwenye ndoo ya nyumbani ni maganda na mabaki ya chakula, na hayo yakimwagikia karatasi na plastiki huzipunguzia thamani zote. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka wa 2018, taka za kisiwani husafirishwa mbali hadi Mwakirunge, na kila kilo ya maganda yaliyolowa hulipiwa mafuta ya lori. Waanze na nyumba 30, ndoo mbili kila nyumba, siku mbili maalumu kwa wiki bila kukosa. Wakitaka kusafirisha kwa gari lao waulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya kitaifa, kuhusu leseni kwanza. Na ghala lao la magunia liwe juu, mbali na ukingo wa mtaro, likiwa na paa. Magunia 50 ya chupa yakiachwa kando ya mtaro mwezi wa Aprili, usiku mmoja wa mvua utayapeleka yote kwenye kalvati mliloomba Agosti.